Samaki wa Kuishi Pamoja: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Samaki wa Tangi Dogo la Nyumbani

Kwenye tangi la duka, samaki mchanga aitwaye oska, mwenye urefu wa kidole gumba, huogelea kwa amani katikati ya gapi. Neoni wako pembeni yake, enjeli wadogo wanapita juu, na muuzaji anakuhakikishia kwamba wote wanaelewana. Hadanganyi. Leo wanaelewana kweli, kwa sababu bado ni watoto, wamesongamana hadi hakuna mwenye nafasi ya kumiliki kona, na wengi wao watanunuliwa ndani ya siku chache. Kwako watakaa miaka. Oska atafika sentimita 30, enjeli atakuwa na mwili wa sentimita 15, na neoni watakuwa wameliwa zamani.

Kwa hiyo usichukue tangi la duka kuwa ushahidi wa nani anaweza kuishi na nani. Amua kwa mpangilio huu: maji kwanza, kisha ukubwa wa samaki akikomaa, kisha mdomo wake, kisha tabia, kisha idadi. Rangi nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayowatangulia wanunuzi wengi na ndiyo inayozika samaki wengi nyuma ya nyumba.

Mifano yote hapa inatumia tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Kama lako ni kubwa zaidi, una uhuru zaidi. Kama ni bakuli la duara la lita tano, halifai samaki yeyote, weka mmea.

Hatua ya 1: Jua tangi lako linabeba nini

Zidisha urefu kwa upana kwa kimo, ugawe kwa 1,000, utapata lita. 60 × 30 × 30 ni lita 54. Ukitoa mchanga, mawe na ile nafasi ya juu usiyoijaza, unabaki na lita 45 hivi za maji halisi. Hizo ndizo za kupigia hesabu, si zile zilizoandikwa kwenye boksi.

Kuna kanuni ya zamani inayosema sentimita moja ya samaki kwa kila lita ya maji. Usiitegemee. Kwa kanuni hiyo oska mmoja wa sentimita 30 angeingia kwenye tangi letu na nafasi ikabaki, ilhali hataweza hata kugeuka vizuri, na uchafu wake utalishinda chujio mapema. Samaki mmoja mnene huchafua maji kuliko wembamba wengi wenye jumla ya urefu uleule.

Kanuni ninayoiamini kwa lita 54 ni nyepesi: usinunue samaki ambaye akikomaa anazidi sentimita 6 au 7. Hii peke yake inaondoa karibu nusu ya mabishano. Ukisikia jina dukani, swali la kwanza liwe "akikua anafika wapi?" Na usiridhike na jibu kwamba samaki hukua kulingana na tangi. Samaki aliyebanwa hudumaa na kuugua, huwezi kuita hilo kuzoea.

Jambo moja la pembeni: tangi refu na pana ni bora kuliko jembamba lililosimama wima, hata kama lita ni zilezile. Hewa huingia majini kupitia uso wa maji, na samaki huogelea kwenda mbele kuliko kupanda na kushuka.

Hatua ya 2: Yasome maji yako kabla ya kumsoma samaki

Hapa ndipo wafugaji wengi wa kwetu wanapokwama, maana ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni umeandikwa na watu wenye maji ya aina nyingine kabisa.

Maji ni laini au magumu kulingana na madini yaliyomo, hasa kalisi na magnesi. Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini na mito ya milima ya Aberdare, na hayo ni maji laini. Unguja, maji ya ardhini hupita kwenye mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu, kwa hiyo hutoka magumu. Visima vingi vya Dar es Salaam vilivyo karibu na bahari vina chumvichumvi unayoionja mdomoni. Bujumbura hutumia maji ya Ziwa Tanganyika lenyewe, ambayo pH yake (kipimo cha uasidi wa maji: 7 ni katikati, chini ya hapo ni asidi, juu ni alkali) iko karibu na 9. Samaki anayestawi katika mji mmoja kati ya hiyo anaweza kuteseka katika mwingine bila mfugaji kukosea chochote.

Karatasi za kupimia zikipatikana, nunua zinazopima pH na ugumu wa maji. Zisipopatikana, chukua chupa mbili tupu zinazoonyesha ndani. Moja tia maji ya mvua, nyingine maji yako, kila moja nusu. Kwangua sabuni ya mche kiasi kilekile, tia kila chupa, funga, tikisa. Chupa ya mvua itajaa povu mara moja. Kama ya kwako imetoa povu hafifu linalokufa upesi, na maji yamekuwa na ukungu mweupe unaoganda kama utando juu, una maji magumu. Usitumie sabuni ya unga, hiyo hutoa povu hata kwenye maji magumu na itakudanganya. Ushahidi wa pili uko jikoni: birika lenye ukoko mweupe chini lina habari ileile.

Matokeo yake yanakuelekeza hivi. Gapi, plati na moli hupenda maji magumu yenye pH ya 7 hadi 8 na kitu. Neoni na jamaa zao wengi wa Amazoni hupenda laini, pH 6 hadi 7. Beta, rasbora, danio na koridora wako katikati, wanavumilia mengi. Samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa wanataka magumu, pH ya juu. Samaki wengi wanaouzwa leo wamezalishwa kwenye mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki na wamezoea maji mchanganyiko, kwa hiyo huna haja ya kuwa na maji ya Amazoni ili ufuge neoni. Lakini neoni kwenye maji ya kisima cha chumvichumvi ni kumsulubu.

Usihangaike kununua dawa za kupandisha na kushusha pH. pH inayopanda na kushuka kila wiki huua kuliko pH isiyo kamilifu iliyotulia. Ukitaka maji magumu zaidi, weka maganda ya makombe yaliyosafishwa ndani ya chujio. Ukitaka laini zaidi, changanya maji yako na ya mvua nusu kwa nusu, na uchanganye hivyohivyo kila mara. Maji ya mvua matupu usiyatumie, maana hayana madini ya kushikilia pH na siku moja itaporomoka ghafla.

Kisha joto. Pima maji saa kumi na mbili asubuhi na tena saa tisa alasiri, kwa siku kadhaa. Dar es Salaam mwezi wa Februari tangi lisilo na hita linaweza kukaa nyuzi 29 au 30 mchana. Nairobi mwezi wa Julai, tangi hilohilo bila hita litashuka chini ya 20 usiku. Gapi anaridhika kati ya 22 na 28. Beta anataka 24 hadi 28. Neoni anachoka ukizidi 26 kwa muda mrefu. Danio mwenye mistari ya pundamilia yuko sawa kuanzia 18. Samaki wa dhahabu anataka baridi, 18 hadi 22, na ndiyo sababu mojawapo ya kutomchanganya na hawa wengine hata mara moja.

Ushauri wangu ni kuchagua samaki wanaofaa joto lako la asili kabla ya kununua hita au feni. Hita huharibika na umeme hukatika, lakini hali ya hewa ya mji wako haihami.

Hatua ya 3: Liache tangi liive

Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, nayo ni sumu, kisha wengine wanaoigeuza kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye sponji ya chujio na mchanga. Washa chujio, tia kipunje cha chakula kila siku bila samaki, na usubiri mpaka kipimo kionyeshe amonia na nitraiti ni sifuri huku nitreti imeanza kuonekana. Rafiki mwenye tangi lenye afya akikukatia kipande cha sponji yake iliyotumika, muda huo unapungua sana.

Watu wa pwani waangalie zaidi hapa: amonia huwa kali zaidi kwenye maji ya moto yenye pH ya juu. Kiasi kilekile ambacho kingemsumbua kidogo samaki wa Nairobi kinaweza kumuua wa Unguja.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini huua hao bakteria pamoja na kuunguza mashavu ya samaki. Tumia dawa ya kuondoa klorini, au uache maji kwenye ndoo wazi kwa saa 24. Na sponji ya chujio isuuze kwenye maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba.

Hatua ya 4: Mhoji kila samaki

Una maji yako, una joto lako, una kikomo cha sentimita 7. Sasa kila jina unalolifikiria lipitishe kwenye maswali haya.

*Mdomo wake unameza nini?* Samaki mpole kabisa humla mwenzake akiingia mdomoni, wala hakuna chuki ndani yake. Enjeli na neoni wametoka bara moja, na enjeli mkubwa humfanya neoni kitoweo. Koridora hana habari na samaki wenzake lakini atameza mayai na makinda.

*Anagombana na nani?* Mara nyingi samaki humchukia anayefanana naye: wa aina yake, wa umbo lake, au wa rangi yake. Beta dume wawili watapigana hata kuuana. Beta dume na gapi dume ni karibu vilevile, kwa sababu mkia mpana wenye rangi wa gapi humkumbusha mpinzani. Wengine hawapigani ila wanadonoa. Samaki aitwaye babu (barb) mwenye milia, yule wa rangi ya chungwa na mistari myeusi, hawezi kuona pezi refu likipepea bila kulitafuna, hasa wakiwa wachache. Ukimweka na gapi, beta au enjeli, utakuta mapezi yamekuwa vinyweleo.

*Anaishi ghorofa gani?* Beta na gapi hukaa juu, neoni na rasbora katikati, koridora chini. Ukiwagawa hivyo, lita 54 zinakuwa na nafasi kuliko ukijaza aina tatu zote za katikati. Ukiutazama mdomo utajua: ulioelekea juu ni wa samaki anayekula kwenye uso wa maji, wa mbele ni wa katikati, ulioelekea chini wenye sharubu ni wa sakafuni.

*Anahitaji wenzake wangapi?* Hapa ndipo wanunuzi wanapojidanganya kwa kuchukua wawili wa hawa, wawili wa wale, wawili wa wengine. Neoni, rasbora, danio na koridora ni samaki wa kundi. Sita ndiyo kiwango cha chini, nane ni bora. Wakiwa wawili hujibanza nyuma ya chujio, rangi hufifia, au wanageuka wadonoaji. Aina mbili zenye makundi kamili hupendeza kuliko aina sita za mojamoja, na hilo utaliona mwenyewe siku kundi la neoni litakapogeuka wote kwa pamoja.

*Uwiano wa dume na jike ukoje?* Swali hili ni la gapi, plati na moli. Dume mmoja kwa majike wawili au watatu, la sivyo majike husumbuliwa hadi wafe. Na wakiwepo wote, jiandae: jike huzaa kila baada ya wiki nne hivi, makinda 20 hadi 50, na huweka mbegu za dume mwilini kwa miezi. Jike mmoja uliyemnunua peke yake anaweza kuzaa mara kadhaa bila kumwona dume tena. Kwa tangi dogo, suluhisho langu ni madume matupu. Kumtambua si kazi: pezi la chini nyuma ya tumbo la dume limechongoka kama kijiti, la jike limefunguka kama feni ndogo, na jike ana doa jeusi karibu na mkundu.

Hatua ya 5: Mipango inayofaa lita 54

Chagua mmoja. Usijumlishe miwili.

*Maji magumu, joto la pwani.* Gapi madume 8 hadi 10, na konokono wawili au watatu wa kula mwani. Basi. Inaonekana ni kidogo, lakini gapi madume kumi ni rangi kumi tofauti zinazotembea muda wote, na hawajifichi. Ukipenda plati, weka watano badala ya gapi watano. Moli mweusi hupenda chumvichumvi ya visima vyetu, anaweza hata kuzoeshwa maji ya bahari, ila hukua kupita kikomo chetu. Mngojee hadi upate tangi la lita 80 na zaidi.

*Maji laini yenye hita.* Neoni 8 katikati na koridora wadogo 6 chini, wale wa jamii ya kibete wasiozidi sentimita 3. Joto liwe nyuzi 24 au 25. Sakafu iwe mchanga laini, kwa kuwa koridora huchimbua kwa sharubu, na changarawe yenye ncha huzikata sharubu hizo hadi zibaki visiki. Koridora hawapendi chumvi, kwa hiyo mtu akikushauri utie chumvi tangini kama kinga, mkatalie.

*Nyanda za juu bila hita.* Danio wa milia 8. Ni samaki wa mbio, ndiyo maana sentimita 60 za urefu ni kiwango cha chini kwao. Weka mimea pembeni na uache njia wazi katikati. Usiwaunganishe na samaki wa mapezi marefu ya polepole, na ufunike tangi, maana huruka.

*Beta mmoja mwenye majirani.* Beta dume mmoja, rasbora 8, nyuzi 25 au 26. Rasbora huogelea haraka, mkia wao ni mfupi, kwa hiyo hawamchokozi. Beta huvuta hewa ya juu, kwa hiyo acha nafasi kati ya maji na kifuniko, na upunguze nguvu ya chujio ili mapezi yake yasimzidie. Lazima nikiri kwamba mpango huu una bahati nasibu ndani yake, kwani kuna beta wapole na kuna wasiovumilia hata konokono. Uwe na chombo cha pili cha kumhamishia kabla hujamnunua.

*Tanganyika ndani ya sebule.* Huu ndio ninaoupenda kuliko yote, na inashangaza kwamba Wajerumani na Wamarekani wanaufuga sana kuliko sisi wenye ziwa. Samaki mwenyewe ni *Neolamprologus multifasciatus*, mmoja wa siklidi (jamii ya akina perege) wadogo kabisa duniani: dume hufika sentimita 4 na nusu hivi, jike 3. Ziwani huishi ndani ya maganda matupu ya konokono yaliyorundikana chini. Anza na samaki 6, mchanga laini wa kina cha sentimita 5, na maganda mengi kuliko samaki, angalau mawili kwa kila mmoja. Maganda ya konokono wa nchi kavu wadogo yanafaa, mradi ni matupu, yamesafishwa na kuchemshwa. Chokaa yake huyeyukia majini, na kwa samaki hawa hilo ni faida.

Weka maganda bila mpangilio wowote, kisha keti utazame. Jike atachota mchanga mdomoni, ataenda hatua kadhaa, atautema, atarudi kuchota tena, mpaka ganda lizame na mlango wake uelekee anakotaka yeye. Jirani akileta mchanga mpakani, hutemewa wake. Mayai hutagwa ndani ya ganda, na makinda hubaki ndani ya koloni, vizazi viwili vitatu pamoja bila kuliwa. Mkono wako ukiingia kusafisha, samaki wa sentimita tatu ataushambulia. Hawa usiwape majirani wa aina nyingine kwenye lita 54. Koloni itajijaza yenyewe.

Hatua ya 6: Wa kuwaacha dukani

Samaki wa dhahabu na koi: baridi, uchafu mwingi, wakubwa. Ni samaki wa bwawa la uani.

"Papa" mdogo wa kijivu anayeuzwa kwa bei nafuu kwa kawaida ni pangasi wa mto Mekong, na akikomaa hupita mita moja. Huyo ni samaki wa kuliwa, na nje huuzwa hivyo.

Kambale mnyonyaji, yule wa magamba magumu anayesifiwa kwamba "anasafisha kioo", hufika sentimita 30 na zaidi, na kinyesi chake kinazidi mwani anaoula. Kuna mwingine wa rangi ya dhahabu au kahawia anayeuzwa kwa kazi hiyohiyo, mwembamba, mdomo wa kunyonya. Akiwa mdogo hula mwani kweli. Akikua hufika sentimita 25, huwa mgomvi, na hugandama ubavuni mwa samaki wapana kunyonya ute wao. Mwani wa kioo unaondolewa na sponji ya bei nafuu.

Mbuna wa Ziwa Nyasa ni wazuri kuliko samaki wengi wa baharini, lakini ni wagomvi wa eneo. Wanahitaji lita 200 na zaidi, mawe mengi na msongamano wa kimakusudi. Kwenye lita 54 utabaki na mmoja.

Hatua ya 7: Siku ya kununua

Nenda na jina lililoandikwa kwenye karatasi, na kama unaweza, jina la kisayansi, kwa sababu majina ya dukani hubadilika kutoka duka moja hadi jingine. Mwombe muuzaji awalishe mbele yako. Samaki mzima hukimbilia chakula. Tafuta mapezi yaliyonyooka, macho safi, pumzi isiyo ya haraka. Ukiona vidoa vyeupe kama punje za chumvi mwilini mwa samaki yeyote wa tangi hilo, au maiti chini, usinunue hata aliye mzima wa tangi hilohilo. Na uliza maji ya dukani yanatoka wapi. Ikiwa duka liko mtaani kwako na linatumia bomba lilelile, kazi ya kuwazoesha imepungua nusu.

Hatua ya 8: Kuwaingiza

Ukiweza, waweke karantini kwa wiki mbili hadi nne kwenye ndoo kubwa au beseni lenye chujio la sponji. Najua wengi mtairuka hatua hii. Ikiwa tangi ni jipya na hakuna samaki ndani, tangi lenyewe ndilo karantini, hamna hasara. Lakini ukiwa na samaki tayari, ugonjwa wa vidoa vyeupe unaoingia na mgeni mmoja unaenea kwa wote.

Acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika 15 hadi 20 joto lilingane. Kisha ufungue, utie kikombe kidogo cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano, kwa nusu saa. Kama maji ya duka na yako yanatofautiana sana, fanya saa nzima. Wahamishe kwa wavu mdogo. Maji ya mfuko yamwage nje, yasiingie tangini.

Wapole wa kundi waingie kwanza, mwenye kumiliki eneo aingie mwisho. Rasbora wiki hii, beta baada ya wiki mbili au tatu. Ukifanya kinyume, beta atakuwa amekwisha jimilikisha nyumba nzima. Usiwaingize wote kwa siku moja, kwa kuwa bakteria wa chujio wanahitaji muda wa kuongezeka kulingana na uchafu mpya. Ukimwongeza mgeni kwenye tangi la wenyeji, hamisha mawe na mimea kwanza, uzime taa na uwape wenyeji chakula. Mipaka ikivurugika, wote wanakuwa wageni.

Hatua ya 9: Wiki mbili za kuangalia

Angalia wakati wa chakula, ndipo ukweli unapoonekana. Samaki anayebaki nyuma ya hita wengine wakila, anayekaa kona ya juu kabisa, mwenye pezi lililochanika au magamba yaliyong'oka, huyo anaonewa. Kufukuzana kwa sekunde mbili na kuachana ni kawaida. Kufukuzwa hadi kona na kurudiwa hakuishi penyewe. Ongeza maficho, hasa mimea inayozuia samaki kuonana kutoka upande mmoja hadi mwingine. Usipoona nafuu ndani ya siku mbili tatu, mtoe mgomvi, si mwonewa. Ukimtoa mwonewa, mgomvi atachagua mwingine.

Wote wakipumua kwa haraka juu ya maji, hilo si suala la majirani. Ni hewa au amonia. Badilisha theluthi ya maji mara moja.

Na umeme ukikatika usiku kucha, tangi lenye samaki wachache litafika asubuhi salama, lililojaa halitafika, hasa kwenye joto, kwa sababu maji ya moto hushika hewa kidogo. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni ununuzi wa busara. Kama huna, chota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu kila baada ya muda. Usiwalishe mpaka umeme urudi.

Hatua ya 10: Samaki asiyefaa na makinda ya ziada

Maduka mengi hupokea samaki wazima, mara nyingi kwa kubadilishana na chakula au dawa, si kwa fedha. Ulizia kabla ya kununua, si baada ya ugomvi. Wafugaji wenzako wa mtaani nao huchukua, hasa gapi na koloni za Tanganyika.

Usimwage samaki, konokono wala mimea ya tangi mtoni, bwawani au kwenye mtaro. Konokono wa dhahabu wa Amerika ya Kusini, ambaye ni ndugu wa wale wanaouzwa kwa ajili ya matangi, aligunduliwa mwaka 2020 kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, na anakula miche michanga ya mpunga. Mayai yake ya waridi hugandishwa juu ya mstari wa maji, kwenye shina au kioo. Ukiyaona kwenye tangi lako, yakwangue, yaponde, kisha uyatupe kwenye takataka kavu.